Mlinzi Anayetazama Kifuniko: Ukaguzi wa Mifumo Endeshi na Programu Huria

Hotuba kwa walimu wa TEHAMA, mafundi kompyuta na wanafunzi, Tabora mjini

Mgeni rasmi, walimu, mafundi wa hapa mjini na mliotoka Nzega, Igunga, Sikonge, Urambo na Kaliua, nanyi wanafunzi: itifaki imezingatiwa. Mwangaluka.

Mkoa huu unaijua asali, basi tuanzie huko. Mnunuzi wa dumu la asali hutazama kwanza kifuniko. Lakiri ikiwa nzima, anajua kwamba tangu mfungaji alipofunga hakuna mkono mwingine ulioingia. Lakini lakiri haimwambii kama ndani kuna asali ya msitu wa Sikonge au sukari guru iliyochemshwa. Hilo atalijua kwa kumfahamu mrina asali, au kwa kuonja. Aliyezoea kuamini lakiri peke yake ipo siku atauziwa sukari guru kwa bei ya asali, na mrina asali wa kijijini asiye na hela ya lakiri atarudi nyumbani na dumu lake limejaa.

Kwenye kompyuta na simu zetu yanatokea yote mawili. Windows, macOS na Android, na hata ule mfumo mdogo unaoamka kabla ya mfumo endeshi wenyewe, vyote siku hizi vina mlinzi anayekagua programu kabla ya kuiruhusu ifanye kazi. Swali lake la kwanza ni nani aliyeifunga. Kampuni hulijibu swali hilo kwa fedha. Programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake, maandishi ya amri zinazoiunda, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuutumia, kuubadili na kuugawa, mara nyingi huandikwa na watu wa kujitolea waliotawanyika nchi mbalimbali, hawana ofisi wala akaunti ya benki ya pamoja. LibreOffice, VLC na Firefox zina taasisi nyuma yao, hulipia sahihi ya kidijitali, ndiyo lakiri ya mfungaji, hupita. Zinazokwama mlangoni ni zile ndogo: ya kuchora saketi, ya kupanga ratiba ya shule, ya kusomea data za mashine ya maabara. Na hizo ndizo mwalimu wa shule isiyo na bajeti ya leseni anazozihitaji kuliko zote.

Nianze na Windows, kwa sababu ndiyo iliyojaa katika ofisi, shule na steshenari za mji huu.

Ukipakua faili kwa kivinjari, Windows hulibandika alama. Diski yenye muundo wa NTFS, ule wa kawaida kwa Windows, huruhusu faili libebe maelezo ya pembeni ambayo huyaoni ukilifungua. Maelezo hayo huitwa Zone.Identifier, na ndani yake kuna mstari unaosema ZoneId=3, maana yake faili hili limetoka intaneti. Ukilibofya, mlinzi aitwaye SmartScreen, ambaye tangu Windows 8 ya mwaka 2012 ni sehemu ya mfumo wenyewe, huona alama ile na kuuliza seva za Microsoft mambo mawili: je, faili lina sahihi ya mchapishaji anayejulikana, na je, faili hilihili limeshapakuliwa na watu wengi bila malalamiko? Majibu yasiporidhisha, dirisha la buluu linajaa kwenye skrini: "Windows protected your PC". Kitufe kinachoonekana ni cha kukataa tu. Njia ya kupita imefichwa nyuma ya maandishi madogo "More info", kisha "Run anyway".

Sasa mtazameni mwandishi wa programu huria anayetaka kupita mlango huo kihalali. Cheti cha kutilia sahihi huuzwa kwa mamia ya dola kwa mwaka. Tangu tarehe 1 Juni 2023, kanuni za watoa vyeti zinadai ufunguo binafsi, yaani siri anayotilia sahihi, ukae ndani ya kifaa maalumu cha usalama, kwa hiyo juu ya bei ya cheti kuna kifaa cha kusafirishwa kwa posta au huduma ya kulipia kila mwezi. Akishindwa, anategemea umaarufu wa faili. Lakini bila sahihi, umaarufu huo huhesabiwa faili kwa faili. Toleo jipya ni faili jipya, nalo linaanzia sifuri. Kwa hiyo mradi unaoziba tundu la usalama Jumatatu na kutoa toleo jipya Jumanne, toleo hilo ndilo linalozuiwa, huku toleo la mwaka jana lenye tundu lilelile likipita kimya kwa sababu maelfu wameshalipakua. Hapo mlinzi anamwelekeza mtumiaji kwenye hatari.

Lipo jambo la pili, na kwa mazingira yetu naliona zito zaidi. Programu hapa husafiri kwa flashi. Flashi nyingi zina muundo wa FAT32 au exFAT, na miundo hiyo haina nafasi ya yale maelezo ya pembeni. Faili likiingia kwenye flashi, alama inadondoka. Likitoka kwenda kompyuta nyingine, SmartScreen kwa kawaida haiulizi chochote, kwa sababu faili halina alama ya kulitambulisha kuwa limetoka nje. Matokeo yake ni haya: nakala ya Office iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli la leseni, iliyozunguka steshenari kumi kwa flashi, inasakinishwa bila dirisha lolote la buluu, na programu huria safi iliyopakuliwa moja kwa moja kutoka kwa wenyewe inasimamishwa kama mwizi. Anayebaki kuichunguza ile iliyokrakiwa ni Defender, kinga ya virusi ya Windows, na karatasi ya maelekezo inayoambatana nayo huanza kwa kusema: zima Defender kwanza. Vijana wengi wamejifunza ufundi kwa karatasi hizo. Ukishamzoesha fundi kuzima ulinzi ili kazi iende, hatabagua tena. Atazima kwa ajili ya programu huria, na atazima kwa ajili ya virusi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa mafundi: usimzime mlinzi wa mashine nzima kwa ajili ya faili moja. Fungulia faili moja. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia "Properties", na chini kabisa weka tiki kwenye "Unblock". Kwa PowerShell, dirisha la amri la Windows, amri ni Unblock-File ikifuatiwa na jina la faili. Lakini kabla ya tiki hiyo, onja asali.

Kuonja kwa kwanza ni heshi, yaani alama ya vidole ya faili. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Utapata herufi na tarakimu 64. Kwenye Linux, mfumo endeshi ulio huria, ni sha256sum. Linganisha zote 64 na zile zilizochapishwa na mradi, na usilinganishe kwa macho: nakili zote mbili kwenye faili la maandishi, moja chini ya nyingine, tofauti itaonekana. Kwenye Linux kompyuta inakufanyia kazi hiyo ukiandika sha256sum -c SHA256SUMS --ignore-missing, nayo inajibu OK au FAILED.

Heshi ikikataa, usikimbilie kusema umedukuliwa. Mara nyingi umeme ulikatika, au bando liliisha, faili likaja nusu. Tazama ukubwa kwanza. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ile ya kompyuta za mezani ina gigabaiti kadhaa. Kama ulichonacho ni megabaiti mia tisa, jibu unalo. Kwenye Linux tumia amri wget -c kuendeleza pale ulipoishia badala ya kuanza upya na kuchoma bando mara mbili. Ukubwa ukiwa sawasawa na heshi bado inakataa, jaribu nakala iliyo kwenye diski ya kompyuta, si ile ya kwenye flashi. Flashi za bei ya chini hujisema zina gigabaiti 64 wakati zina 8, na kinachozidi hapo hupotea bila taarifa. Heshi ikikataa hata baada ya hayo, futa faili hilo na usimpe mtu.

Heshi ina upungufu wake. Ikiwa aliyebadili faili ameingia kwenye tovuti ileile inayochapisha heshi, atabadili vyote viwili. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kuelekeza wapakuaji kwenye nakala ya toleo la 17.3 yenye mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya mdukuzi kuingilia. Ndiyo maana miradi makini hutia sahihi ya GPG, programu huria ya kutia na kuhakiki sahihi, juu ya orodha ya heshi. Ukiandika gpg --verify, kisha faili la sahihi, kisha orodha, unatafuta maneno "Good signature". Chini yake kutatokea onyo refu kwamba ufunguo haujathibitishwa. Wengi huacha hapo kwa hofu. Onyo hilo linasema tu kwamba kompyuta yako haimjui mwenye ufunguo. Kazi ya kumjua ni yako. Chukua tarakimu na herufi 40 za utambulisho wa ufunguo, zilinganishe na zile ulizopata kwa njia nyingine: tovuti tofauti, mtandao wa simu tofauti, au mwenzako aliyezihifadhi miaka miwili iliyopita. Zikikubaliana, ziandike kwenye daftari la ofisi kwa wino. Mwaka ujao hutahitaji kuuliza mtu.

Na hata sahihi halali haisemi yaliyomo. Mwaka 2017 CCleaner, programu ya kusafishia kompyuta, toleo la 5.33, lilitoka na programu hasidi ndani yake likiwa na sahihi halali ya kampuni yenyewe, na watu zaidi ya milioni mbili wakalipokea. Mwaka 2020 sasisho la programu ya kusimamia mitandao ya SolarWinds, lenye sahihi halali, likaingiza majasusi kwenye ofisi za serikali ya Marekani. Lakiri zote hizo zilikuwa nzima.

Programu huria nayo haina kinga ya kuzaliwa. Machi 2024 ilibainika kwamba xz, kifaa kidogo cha kubana mafaili kilichomo karibu kila Linux, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, yamewekewa mlango wa nyuma na mtu aliyejipatia uaminifu kwa miaka kadhaa hadi akawa mmoja wa watunzaji. Sahihi ilikuwa yake, tena halali. Kilichookoa ni kwamba mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwa ssh, njia ya kuingia kompyuta kutoka mbali, kunachelewa nusu sekunde kuliko kawaida, akachimba, na kwa kuwa msimbo na faili zote zilikuwa wazi akafika hadi kwenye chanzo na kutangaza tarehe 29 Machi, kabla matoleo yale hayajaingia kwenye Linux za aina ya Debian thabiti au Ubuntu ya kawaida. Faida ya programu huria ni hiyo: asali iko kwenye chupa ya kioo, anayetaka kutazama anaweza. Lakini lazima awepo anayetazama.

Ninaomba sasa mniruhusu nikae kidogo kwenye mfumo ninaouona unafaa zaidi kwa mikoa yetu, ule wa Debian na ndugu zake. Hapo swali la nani amefunga hujibiwa bila kupiga simu ng'ambo. Hazina ya programu ina faili liitwalo InRelease lenye sahihi ya GPG. Ndani yake mna heshi za orodha za vifurushi vya programu, na ndani ya orodha mna heshi ya kila kifurushi. Ufunguo wa kuhakiki uko tayari ndani ya kompyuta tangu siku ya kusakinisha. Maana yake kwa vitendo ni kubwa: uaminifu husafiri na mzigo. Mtu akinakili hazina nzima kwenye diski ya nje Dar es Salaam, akapanda nayo treni ya reli ya kati, ikapita mikono mitatu kabla ya kufika hapa au kuendelea Kigoma, apt, programu ya kusakinishia ya Debian, bado itagundua herufi moja ikiwa imebadilishwa njiani. Shule yenye kompyuta 30 inaweza kuweka mashine moja yenye apt-cacher-ng, programu inayotunza vifurushi vilivyokwisha kushushwa, kila kifurushi kikashuka mara moja tu kwa bando moja, na kompyuta zote 30 zikakihakiki kila moja kwa nafsi yake.

Kinachoharibika huko ni saa. Kompyuta za zamani betri yake ya ubao mama, ile ya duara ya CR2032, ikifa, mashine inaamka ikidhani ni mwaka mwingine. Hapo apt husema "Release file for ... is not valid yet", kivinjari nacho kinakataa kila tovuti kwa kudai cheti si halali. Fundi asiyejua huanza kutafuta amri ya kuzima uhakiki. Badili betri, panga tarehe, kila kitu kitatulia.

Linganisheni na mlinzi anayetegemea kupiga simu. SmartScreen ikikosa mtandao husema haiwezi kufikiwa na kumwachia mtumiaji uamuzi bila taarifa yoyote. Kwa Mac, tarehe 12 Novemba 2020, seva moja ya Apple ya kuhakiki vyeti ilizidiwa, na watu dunia nzima wakaona programu walizozitumia miaka mingi zinachelewa kufunguka au hazifunguki kabisa. Kompyuta ilikuwa mezani pao, programu ilikuwa ndani, lakini ruhusa ilikuwa California.

Kuhusu Mac nitapita haraka kwa kuwa hapa ni chache. Tangu macOS Catalina ya 2019, programu iliyotoka nje ya duka la Apple hudaiwa sahihi ya mtu aliyesajiliwa na pia ukaguzi wa Apple wenyewe. Usajili ni dola 99 kila mwaka, karibu robo milioni ya shilingi, na ukiacha kulipa huwezi kupeleka toleo jipya kukaguliwa. Programu isiyo na hayo huambiwa haiwezi kufunguliwa, na nyingine huambiwa imeharibika hata kama ni nzima kabisa. Zamani ulibofya kwa kitufe cha kulia ukachagua "Open"; kuanzia macOS 15 ya Septemba 2024 njia hiyo imefungwa, sasa lazima uende "System Settings", "Privacy & Security", ushuke hadi "Open Anyway". Kwa faili ulilohakiki heshi yake, amri xattr -d com.apple.quarantine ikifuatiwa na njia ya programu huondoa alama kwa programu hiyo moja tu.

Jambo litakalowakuta wengi wenu mwaka huu ni Secure Boot, mlinzi anayekaa kwenye ule mfumo mdogo unaoamka kabla ya mfumo endeshi. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa za karibuni, kwa hiyo kompyuta nyingi za shule ambazo bado ni nzima zinahitaji mfumo mwingine. Wengi watakimbilia Linux, na ushauri wa mtaani utakuwa uleule: zima Secure Boot. Kwa Ubuntu, Fedora, na Debian tangu toleo la 10 la mwaka 2019, huhitaji kuizima. Ndani ya UEFI, ndio ule mfumo mdogo, mna funguo za Microsoft. Microsoft hutia sahihi kwenye programu ndogo iitwayo shim, ambayo mwandishi wake mkuu wa mwanzo ni Matthew Garrett. Shim hubeba ufunguo wa Debian au Ubuntu na kuhakiki yanayofuata. Ni jambo linalouma kwamba mfumo huria unapita mlangoni kwa sahihi ya mshindani wake. Lakini unapita, na ulinzi unabaki.

Kabla hujagusa chochote kwenye mashine yenye Windows inayotumika, uliza kuhusu BitLocker, kufuli la siri la Windows juu ya diski. Kompyuta nyingi mpya husimba diski zenyewe bila mwenyewe kujua. Ukibadili mpangilio wa Secure Boot, Windows ikiamka itadai ufunguo wa tarakimu 48, na asiyekuwa nao anaweza kupoteza kila kitu kilichomo. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: na uandike tarakimu hizo kwenye karatasi mbili. Fanya hivyo hata kama mteja anasema hana BitLocker.

Ukishaingiza Linux, tatizo la kawaida ni Wi-Fi. Laptopu za zamani zenye kadi ya Broadcom huhitaji draiva isiyomo ndani ya kiini cha Linux. Ubuntu huitengeneza palepale kwenye mashine yako na kuitia sahihi kwa ufunguo wa mashine hiyo, kisha inakuomba utunge nywila na kuwasha upya. Wakati wa kuwaka hutokea skrini ya buluu inayokupa sekunde kumi tu ubonyeze kitufe chochote. Hapo ndipo watu wanapokosea: wameenda kunywa chai. Sekunde kumi zikipita, ombi linafutwa kimya, Linux inawaka, Wi-Fi haipo, na lawama inakwenda kwa Linux. Ukiwahi, chagua "Enroll MOK", "Continue", "Yes", andika nywila ile, kisha washa upya. Kibodi katika hatua hiyo ni ya mpangilio wa Kimarekani, kwa hiyo nywila yenye herufi za kawaida na tarakimu tu itakuepusha na usumbufu. Ukikosa, huna haja ya kusakinisha upya: andika sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, tunga nywila, washa upya, na safari hii usiondoke kitini.

Mashine zenye Windows na Linux pamoja zina mtego wake. Agosti 2024 sasisho la Windows lilibatilisha matoleo ya zamani ya shim, na mashine nyingi za aina hiyo zikagoma kuwasha Linux kwa ujumbe "SBAT self-check failed". Dawa yake: zima Secure Boot kwa muda, ingia Linux, andika sudo mokutil --set-sbat-policy delete, washa upya, ingia Linux tena, sasisha shim, kisha rudisha Secure Boot. Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Tena, vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011 vilivyomo kwenye UEFI vimewekewa ukomo unaoanzia Juni 2026. Mashine hazitazimika siku hiyo, ila shim mpya zitatiwa sahihi kwa cheti cha 2023, na mashine ambayo UEFI yake haikusasishwa inaweza kuzikataa. Kama bado ina Windows, isasishe kikamilifu kabla ya kuifuta.

Mwisho, simu. Kwenye Android kila programu ina sahihi, na sasisho lazima liwe na sahihi ileile ya mwanzo. Hazina ya F-Droid, iliyoanza 2010, hujenga programu huria kutoka kwenye msimbo na nyingi huzitia sahihi kwa funguo zake. Ndiyo sababu programu uliyoipata F-Droid haiwezi kusasishwa na ile ya Play Store, utaambiwa haikusakinishwa. Ukitaka kuhama, hifadhi data kwanza, ondoa ya zamani, ndipo uweke mpya. Ruhusa ya kusakinisha kutoka nje hutolewa kwa programu mojamoja tangu Android 8: mpe F-Droid peke yake, na mnyang'anye kivinjari mara tu kazi inapokwisha. Android 13 imeongeza zuio: programu iliyotoka nje ya duka hainyakui ruhusa ya usaidizi wa ufikivu, yaani ya kuona na kubonyeza skrini kwa niaba yako, au ya kusoma arifa hadi uifungulie kwa mkono. Zuio hilo msilidharau. Wezi wa akaunti za fedha za simu huzitaka ruhusa hizohizo, na programu za mikopo ya kausha damu zinazotumwa kwa WhatsApp hazistahili kufunguliwa mlango huo kamwe.

Lakini Agosti 2025 Google walitangaza hatua nyingine: kila mwandishi wa programu za Android, hata asiyepitia duka lao, ajisajili kwao kwa utambulisho wake. Ratiba yao ilianza na Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand Septemba 2026, kisha kwingine kuanzia 2027. F-Droid walipinga wazi, kwa kuwa hawawezi kuwalazimisha waandishi wa watu wengine wajisajili. Baadaye Google wakasema wataacha njia kwa watumiaji wazoefu wanaokubali hatari. Msimamo wangu ni kwamba kumjua mwandishi ni jambo jema, ila kampuni moja kuwa ndiyo ofisi pekee ya vitambulisho ya dunia si jambo jema, hasa kwa kijana wa Urambo anayeandikia programu ushirika wa tumbaku wa kijijini kwake. Walimu, lifuatilieni hili kabla halijatufikia.

Na ninyi wanafunzi mnaoandika programu, lango hili mtalikuta kutoka upande wa pili. Chapisheni heshi ya kila toleo, na sahihi ya GPG juu yake. Mradi huria wenye leseni inayokubalika unaweza kuomba sahihi ya Windows bila malipo kutoka SignPath Foundation. Ikiwezekana, ingizeni programu yenu F-Droid au Debian, ambako watu wengine watausoma msimbo kabla ya kuutia sahihi. Na kwa Android, faili la ufunguo mlilotengeneza kwa keytool likipotea, na mlikuwa mkitia sahihi wenyewe, hamtaweza kusasisha programu hiyo tena. Kila mtumiaji italazimu aiondoe na kuanza upya. Basi ufunguo huo uwekeni kwenye flashi mbili, kwenye nyumba mbili tofauti, na nywila yake kwenye karatasi ya tatu isiyokaa na flashi yoyote.

Asanteni.